Maswali ya Wasomaji: Runinga katika chumba cha hosteli

SWALI: Mwezi wa Agosti naanza mwaka wa kwanza Makerere, na nimepata nafasi katika chumba cha watu wawili, hosteli ya Kikoni. Mjomba ananipa runinga bapa ya inchi 32, mtumba wa Uingereza. Mama anasema itamaliza umeme wa Yaka (ule wa kulipia kabla) na kuniharibia masomo. Niibebe au niiache?
— Msomaji, Jinja

JIBU: Kwa Yaka, mama asihofu sana. Runinga ya LED ya inchi 32 hula wati 30 hadi 60. Tuseme 40: itawaka saa 25 ndipo imalize yuniti moja. Koili ya kuchemshia maji ya wati 1,000 huimaliza yuniti hiyo kwa saa moja tu, ndiyo maana wasimamizi wa hosteli husaka koili kuliko runinga. Hata hivyo uliza kanuni zao kabla hujalipa. Na kama ya mjomba ni ya zamani, yenye taa za fluoresenti nyuma ya kioo, inaweza kupita wati 100; soma kibandiko cha nyuma.

Tatizo liko kwingine. Kampala ilizima mitambo ya analojia mwaka 2015, na sasa matangazo ya bure hurushwa kwa mfumo wa kidijitali wa DVB-T2. Runinga nyingi za zamani za Uingereza hunasa DVB-T peke yake. Utatafuta chaneli hadi alfajiri, hata UBC, televisheni ya taifa, usiione. Kibandiko au menyu ikionyesha "T2" au "Freeview HD", umepona. Isipoonyesha, nunua king'amuzi cha T2 na waya wa HDMI. Hapo umeongeza rimoti ya pili na plagi ya pili katika chumba ambacho pengine kina soketi mbili tu. Nafuu ni kwamba umeme wa Uingereza ni kama wetu na plagi ni ile ile ya miguu mitatu. Ingekuwa ya Japani, ambako umeme ni wa volti 100, ungeichomeka mara moja na kuisindikiza kwa fundi.

Kisha pima meza. Inchi 32 ni upana wa sentimita 73 hivi, na mara nyingi meza pekee ya kuibeba ni ile ya kusomea. Hapo mama ana hoja nzito! Nawe humjui bado utakayelala naye chumba kimoja: huenda yeye hulala saa tatu usiku.

Kwa hiyo ushauri wetu: iache Jinja kwa wiki mbili tatu za kwanza. Kompyuta ndogo inatosha kwa filamu, na mechi ya Jumamosi ina raha zaidi katika kibanda cha kuonyeshea mpira. Mkikubaliana na mwenzako kuhusu saa za kuwasha na visikilizio vya masikioni, ndipo uifuate. Ukiwa na fedha ya kuchagua, inchi 24 ndiyo saizi ya chumba hicho.

Siku ya kuileta, isimame wima kati ya mito miwili, kamwe usiilaze. Katika taksi ya abiria 14 begi moja tu likiegemea kioo hupasuka, na bei ya kioo hukaribia ya runinga nzima. Boda usiifikirie. Getini iandikishe pamoja na namba yake ya kiwandani (serial number), la sivyo mwisho wa semista mlinzi atakuzuia usitoke nayo. Nunua kinga ya umeme yenye kuchelewesha: umeme ukirudi baada ya kukatika huja kwa kishindo, na kinga hiyo husubiri utulie kabla ya kuupitisha. Fyuzi ya plagi iwe ya ampea 3 au 5. Ile ya 13 ni ya birika. Antena ikae dirishani, mbali na nondo, ikielekea upande wa Kololo kwenye minara, kisha ndipo utafute chaneli.