Majibu ya maabara si jina la ugonjwa

Faili la kwanza kunirudia lilikuwa la mzee aliyelazwa kwa kuvunjika nyonga. Nilikuwa mgeni katika kazi ya kuweka misimbo ya magonjwa, yaani kuyageuza maelezo ya daktari kuwa namba za rekodi na malipo, hapa Marekani. Mkojo wake ulioteshwa maabara wakapatikana bakteria wa E. coli zaidi ya 100,000 kwa mililita, naye alikuwa amewekewa mpira wa mkojo. Nikaandika N39.0, maambukizi ya njia ya mkojo, kisha T83.511A, maambukizi yaliyoletwa na mpira wenyewe.

Msimamizi wangu aliniuliza: "Daktari ameyaandika wapi hayo?"

Nikarudi kusoma maelezo ya daktari. Hana homa, hana maumivu ya ubavu, bakteria wamo mkojoni bila dalili, asipewe dawa. Kumbe ugonjwa ule nilimpa mimi.

Lilikuwa kosa zito. Tangu Oktoba 2008, Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, haiilipi hospitali nyongeza kwa maambukizi ya mpira wa mkojo yaliyompata mgonjwa akiwa wodini. Misimbo yangu ilikuwa inawashtaki wauguzi kwa jambo ambalo halikutokea. Tena daktari wa kesho angesoma rekodi ile na kumwandikia mzee antibayotiki zisizo na kazi, na hivyo ndivyo tunavyoulea usugu wa dawa.

Bakteria wanaweza kuishi mwilini bila kumdhuru mtu. Takriban watu 3 katika kila 10 wana Staphylococcus aureus puani, na wanakwenda kazini kama kawaida. Mpira wa mkojo ukikaa mwezi mzima, karibu kila mkojo utaotesha kitu. Hata seli za usaha kwa mgonjwa mwenye mpira hazitoshi kuthibitisha maambukizi.

Ndugu zangu mnaosomea kazi hii, anzeni na maelezo ya daktari, maabara baadaye. Jibu lisilo la kawaida haliwekewi msimbo mpaka daktari aseme lina maana gani kwa mgonjwa huyu. Akiandika kwamba pamba ya kipimo iliyopitishwa puani imeonyesha MRSA, yaani Staphylococcus aureus sugu kwa dawa ya methicillin, basi, huyo ni mbebaji: Z22.322. Kidonda kikiwa kimeambukizwa na MRSA, weka msimbo wa maambukizi ya kidonda, kisha B95.62 kutaja kisababishi. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili katika kulazwa kumoja. Bakteria mkojoni bila dalili wana msimbo wao, R82.71.

Msidanganywe na dawa pia. Antibiotiki kwenye chati huenda ni kinga ya kabla ya upasuaji. Na mjamzito hutibiwa bakteria wa mkojoni hata asipojisikia vibaya. Ana misimbo ya sura yake katika kitabu cha misimbo, basi someni sura hiyo kwanza.

Maelezo yakigongana, mwandikie daktari, lakini usimwekee jibu mdomoni. "Je, mgonjwa ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo)?" ni swali baya. Mimi huandika hivi: "Mkojo wa tarehe fulani umeotesha bakteria wa Klebsiella. Joto 36.8, hakuna dalili zilizoandikwa, antibayotiki imeanzishwa. Tafadhali eleza maana ya matokeo haya: maambukizi, bakteria bila dalili, uchafuzi wa sampuli, jingine, au haiwezekani kuamua." Mara ya mwisho nilipotuma swali la namna hiyo, daktari alijibu mchana uleule: bakteria bila dalili. Na dawa akaisimamisha.