Maswali ya Wasomaji: Breki kwenye miteremko ya Bukavu

Ninaendesha lori dogo kati ya Bukavu na Uvira. Nikishuka mteremko wa Ngomo na mzigo, breki zinanuka, kisha pedali inazama. Nikiipigapiga inarudi kidogo. Fundi amebadilisha plakete (pedi za breki) mara mbili, hali ni ileile. (Dereva, Panzi)

Baba dereva, plakete hazina kosa. Breki hazili mwendo, zinaugeuza kuwa joto, na Ngomo inatoa joto jingi. Lori la tani 8 pamoja na mzigo, kwa kila mita 100 za kimo linazoshuka, linaachia joto linaloweza kupasha lita 23 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100. Ni kama kulisimamisha kabisa mara 7 kutoka kasi ya kilomita 60 kwa saa. Upepo na matairi hupunguza kidogo. Kinachobaki lazima kibebwe na injini au breki.

Joto hilo huharibu kwa njia mbili, na mguu wako unaweza kuzitofautisha. Pedali ikiwa ngumu lakini lori halipungui mwendo, plakete au bitana za ndani ya ngoma zimepata moto hadi zimepoteza mshiko. Pedali ikizama, kisha ikirudi ukiipigapiga, mafuta ya breki yamechemka ndani ya mabomba. Mvuke unabonyea, mafuta hayabonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu inaishia kubana mvuke. Tatizo lako ni hili la pili.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa kidogokidogo. DOT ni daraja la mafuta hayo, huandikwa kwenye chupa. DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Ikishaingiwa na maji asilimia 3.7, kiwango chake cha chini ni nyuzi 155 tu. Kwa DOT 3 ni 205, kisha 140. Kuongezea mafuta mapya juu ya yale ya zamani hakusaidii. Toa yote, pitisha mapya, ukianza kutoa hewa kwenye gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kuu, isipokuwa kitabu cha gari kinataja mpangilio mwingine. Usiache hadi yatoke safi bila povu. Tumia chupa iliyofungwa na kiwanda. Iliyokaa wazi dukani miezi kadhaa imekwisha kunywa unyevu. Rudia kila baada ya miaka 2. Mafuta ya injini yasiguse mfumo huo hata tone, kwa sababu huvimbisha mipira yote ya ndani.

Mkague pia kama kuna gurudumu linalokwama. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Moja likiwa na joto kupita mwenzake wa upande wa pili, huenda pistoni ya breki yake hairudi.

Upande wa uendeshaji: chagua gia kabla mteremko haujaanza, ile ambayo ungepandia au moja chini yake. Kama lori lina breki ya bomba la moshi (inayoziba moshi ili injini ipunguze mwendo), iwashe ukiwa bado juu. Kisha usiulaze mguu kwenye pedali. Acha mwendo ufike kilomita 30 kwa saa, kanyaga kwa uthabiti hadi 20, achia. Joto la jumla halipungui sana kwa njia hiyo, lakini kazi inagawanyika kwa magurudumu yote. Mkanyago mwepesi wa muda mrefu hubebwa na gurudumu moja au mawili, na hayo ndiyo yanayoungua. Mkisimama, msizimwagie ngoma za breki maji, zitapasuka.

Wenzangu wa teksi huzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Je, ni sawa? (Nyawera)

Hapana, acheni kabisa. Servofreni, lile kopo jeusi nyuma ya pedali linaloongeza nguvu ya mguu, inasukumwa na tofauti kati ya hewa ya nje na ombwe linalotoka kwenye injini. Injini ikizimwa, akiba yake inatosha mikanyago miwili au mitatu. Baada ya hapo pedali inakuwa kama jiwe. Hapa kwetu, kwenye mita 1,500 hivi, hewa yenyewe ina msukumo wa karibu asilimia 83 tu ya ule wa pwani, kwa hiyo servofreni tayari inafanya kazi kwa nguvu pungufu. Usukani nao unakuwa mzito, na ufunguo ukizungushwa hadi mwisho usukani unaweza kujifunga. Hata akiba ya mafuta mnayoifikiria haipo: gari la sindano za mafuta zinazoongozwa na kompyuta likiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta, kompyuta hukata mafuta yenyewe.

Mvua ikinyesha, pikipiki yangu inahitaji umbali gani kusimama? (Kadutu)

Kwa kilomita 40 kwa saa, sekunde moja ya kuona na kuamua inakula mita 11 kabla breki haijashikwa. Kwenye lami kavu na tambarare ongeza mita 9. Jumla ni 20. Kwenye tope jembamba lililotelezesha barabara, mshiko unashuka hadi karibu 0.3 ya uzito wa pikipiki, na mteremko wa mita 10 kwa kila mita 100 unanyang'anya 0.1 nyingine. Hapo breki peke yake inataka mita 31, jumla 42. Kwa kilomita 20 kwa saa jumla inakuwa chini ya mita 14. Mwendo nusu, umbali theluthi moja.

Na breki ya mbele msiiogope. Ukifunga breki, uzito unahamia mbele, na gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linateleza upesi. Kwenye lami, mbele ndiko kuliko na kazi kubwa. Ibane polepole hadi iwe ngumu, usiivute ghafla, pikipiki ikiwa imenyooka. Kwenye tope ibane kwa wepesi zaidi, na usiitumie ukiwa umelala kwenye kona.

Nikimpakata mtoto kwenye teksi, siwezi kumshika gari likigonga? (Mama, Bagira)

Mama, huwezi, na si kwa sababu ya udhaifu. Mtoto wa kilo 10 ndani ya gari la kilomita 40 kwa saa, likisimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, anavuta mikono yako kama mzigo wa kilo 113. Usimfunge ndani ya mkanda mmoja na wewe pia, maana mwili wako utambana. Mweke kiti cha nyuma, kwenye kiti cha mtoto kilichofungwa kwa mkanda wake mwenyewe.