Fundi tusaidie: Kruza ya marehemu baba niiwekee miguu ya Prado?

SWALI: Kamwene fundi. Mi niko Njombe, nina Land Cruiser pikapu FJ45 ya 1978, injini ya petroli 2F, marehemu baba ndo aliyeiacha. Imelala chini ya mparachichi miaka sita, mwaka huu nimeanza kuifufua, bodi tayari, chasisi nimeisugua na kupiga rangi, sasa nimefika miguu ya mbele nimekwama. Zamani ilikuwa inagonga vibaya mpaka mama alikuwa anakataa kupanda anasema bora punda. Fundi mmoja hapa mjini ananiambia tukate springi zote za mbele tuweke miguu ya Prado 90 pamoja na staringi yake, itakuwa laini kama kochi. Mwingine ananiambia nitafute koili za Land Cruiser 79. Gari nataka la kwenda nalo shamba Uwemba, nibebe viazi, wikendi nitembelee, na mara mojamoja nishuke Mbeya. Nichague lipi?
Mdogo wako, Njombe

JIBU: Kamwene sana mdogo wangu, na hongera kwa kutoliuza skrepa.

Kwanza nikuulize, uliwahi kuhesabu vyuma vya springi ya mbele, vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine? Maana haya magari ya mzigo huku kwetu kila dereva aliyepita kaacha chuma chake, kimoja kikikatika anarudisha viwili, lumbesa zikinenepa na springi nayo inanenepa, mwisho inakuwa gogo. Alafu kutu inaingia katikati, vyuma havitelezi tena kimoja juu ya kingine, bushi zimekauka, shakeli, yaani kile kiungo kinachobembea mwisho wa springi, imeganda, shokapu hazina kitu ndani. Gari la hivyo linakuwa halina springi kabisa, kinachonesanesa ni matairi tu, na matairi yenyewe mtu kayajaza upepo mpaka yanalia. Ndo mama akaona bora punda.

Sasa twende kwenye Prado. Ile 90 mbele kila tairi linajitegemea, lina mkono wa juu na wa chini, koili na shokapu vimekaa pamoja, na staringi ni reki, yaani fimbo ya meno inayosukuma matairi kushoto na kulia. Kwenye gari lake ni raha kweli, sibishi. Ila ile mikono inataka kushikwa na chasisi kwenye pointi zake kabisa, ukikosea milimita chache upande mmoja, tairi likipanda na kushuka linabadilisha uelekeo, utasaga matairi na wili alaimenti haitakaa hata uende kila wiki. Chasisi ya 45 ni nyembamba na haikutengenezwa kubeba mikono hiyo. Afu hilo gari ni fowili, matairi yote manne yanavuta, kwahiyo difu ya mbele nayo itabidi ining'inie kwenye chasisi, reki itataka kupita hapohapo sampo ya 2F, lile bakuli la oili chini ya injini, ilipo, utaanza kunyanyua injini, ukinyanyua injini propela zinabadilika mlalo, yaani unavuta uzi mmoja sweta lote linafumuka. Fundi mwenye jigi ya kupimia na aliyeshafanya kazi hiyo anaweza. Huyo wako muulize akuonyeshe gari moja tu alilofanya ambalo bado linatembea.

Koili za 79 hapo kuna hoja. 1999 Toyota walipotoka kwenye 75 kuja 79 walitoa springi za mbele wakaweka koili, ila ile eksili ya kipande kimoja toka tairi hadi tairi waliendelea nayo, na pikapu hizo unaziona zinavyopigika porini. Lakini usije ukanunua koili peke yake ukadhani umemaliza. Springi ya vyuma ina kazi mbili, inabeba uzito na inashika eksili isikimbie mbele, nyuma wala pembeni. Koili inabeba tu. Ukiiweka inabidi uweke mikono mirefu ya kushika eksili, na panadi rodi ya kuizuia isihame kushoto kulia, na hiyo panadi urefu na mlalo wake ukaribiane na rodi ya staringi, la sivyo kila ukikanyaga shimo usukani unazunguka wenyewe. Fikiria hilo likutokee mteremko wa Inyala ukishuka Mbeya, nyuma yako kuna semi. Kwahiyo 79 inunuliwe seti nzima, eksili na vishikio vyake, au iachwe. Na hapo bado, 79 ya kuanzia 1999 ina nati 5, gari lako lina nati 6, utatembea na rimu aina mbili na spea mbili. Ukisema uchukue eksili ya Land Cruiser 80, hiyo ina koili na nati 6, ila ni pana, matairi yatatoka nje ya madigadi. Wapo wanaopenda muonekano huo, mi naona kama mtu kavaa viatu vya kaka yake.

Mi ningekuwa wewe ningebaki na springi. Zishushe, fungua senta bolti, ile inayofunga vyuma pamoja katikati, tandaza vyuma chini upunguze vile vya kuongezewa, kushoto na kulia sawasawa, kile kikuu na cha pili usiviguse. Vilivyolala kabisa badilisha. Sugua kutu, paka grisi ya grafaiti kati ya chuma na chuma, weka bushi mpya, pini za shakeli mpya na yu-bolti mpya, zile zinazofunga springi kwenye eksili, za zamani zishavutika usizirudishe. Boliti za bushi za mpira usizikaze gari likiwa juu ya jeki, mafundi wengi hapa ndo wanaharibu, shusha gari likae kwenye matairi ndo ukaze, vinginevyo bushi inabaki imejisokota na itachanika mapema. Shokapu nunua za kulingana na urefu wa springi yako, sio kwa sababu zina rangi nzuri.

Kuna watakaokwambia uhamishe shakeli ya mbele uipeleke nyuma ya springi. Hawakosei, FJ45 shakeli iko mbele, ikigonga jiwe eksili inalazimika kusogea mbele kulifuata jiwe lenyewe, ndo sababu mojawapo ya ule mshtuko. Ila kuihamisha ni kukata na kuchomelea chasisi, propela nayo inataka mtelezo mrefu zaidi, na ukikosa kasta, yaani ule mlalo unaofanya usukani urudi wenyewe ukitoka kwenye kona, gari litayumba barabarani. Endesha hivyo kwanza miezi mitatu, ukiwa na viazi na ukiwa mtupu, na mama akiwemo.

SWALI: Fundi, nina Datsun 1200 pikapu hapa Iringa, nimekata koili za mbele ikae chini kidogo, sasa inadunda kuliko mwanzo. Tatizo shokapu?

JIBU: Tatizo msumeno. Koili ukiipunguza mizunguko inakuwa ngumu zaidi, na hapohapo umeipunguzia shokapu nafasi ya kushuka kwahiyo inagonga chini. Kama ulikata kwa gesi ndo kabisa, moto umeua chuma. Tafuta koili nzima, na ukizifunga hakikisha gari likiwa juu ya jeki hazichezi kwenye vikombe vyake.