Saa ya mwanga isiyopokea mawimbi

SWALI: Nina saa ya mkono inayotumia nguvu ya mwanga na kujirekebisha kwa mawimbi ya redio. Tangu niitoe kabatini, ilimokaa miezi kadhaa, mshale wa sekunde huruka sekunde mbili mbili, na kila ninapoiamuru ipokee mawimbi inashindwa. Je, antena imeharibika? Na nikihamia mbali na vituo vya mawimbi, saa hii itanifaa?

JIBU: Nakusihi usiifungue. Katika saa nyingi za aina hii, mruko wa sekunde mbili ni ishara kwamba chaji imepungua, na saa iliyo katika hali hiyo haipokei mawimbi, hata antena ikiwa nzima kabisa. Basi anza na mwanga: uelekeze uso wa saa kwenye jua kwa saa kadhaa, na uendelee hivyo kwa siku kadhaa hata baada ya mshale kurudia mwendo wake, kwa maana betri huchukua muda mrefu kujaa. Taa ya chumbani hujaza polepole mno, na joto la balbu kali au la ndani ya gari lililofungwa huidhuru betri.

Chaji ikishatosha, iweke saa dirishani usiku, mbali na televisheni na kompyuta, kwani mawimbi haya marefu husafiri mbali zaidi gizani. Usiisogeze, kwa sababu kituo hutuma taarifa yake kidogo kidogo kila sekunde, ujumbe mzima katika vituo vingi huchukua dakika nzima, na saa huhitaji kuusikiliza zaidi ya mara moja ili kuuhakiki. Vituo vyenyewe ni vichache, navyo viko Ujerumani, Uingereza, Marekani, Japani na China. Kile cha Mainflingen, karibu na Frankfurt, husikika hadi kilomita 2,000 hivi. Soma kijitabu cha saa yako ujue inasikiliza vituo vipi.

Ukiwa nje ya eneo hilo, saa itaendelea kwenda kama saa yoyote ya kwatzi (quartz), yaani inayoongozwa na mtetemo wa fuwele, ikikosea takriban sekunde 15 kwa mwezi, nawe utairekebisha kwa mkono.

Siku betri itakapochakaa, fundi aweke ya aina ileile inayochajiwa. Betri ya kawaida ya saa ikichajiwa humo inaweza kuvuja au kupasuka.