Namba ipi niandike kumtumia binti yangu hela India?

Pole kwa hekaheka, mama. Binti yako anasoma Pune, amekutumia picha ya kitabu chake cha benki, na wewe hapo Mafinga umekwama kwenye namba tatu.

Ya akaunti unaijua. Nyingine ni IFSC, ina herufi na tarakimu 11: nne za mwanzo ni benki (SBIN ni State Bank of India), ya tano ni sifuri siku zote, sita za mwisho ni tawi. Kwenye hiyo sifuri ndipo tunapoumia! Mimi niliandika herufi O nikiwa Mbeya mjini. Hela ilirudi baada ya siku kumi, tena imekatwa. Tarakimu 9 za MICR ni za mashine kusomea hundi, ziache.

Ila IFSC ni ya ndani ya India. Ukituma kutoka huku, ulizia pia SWIFT ya benki yake, yaani namba ya kuitambulisha benki kimataifa: herufi (wakati mwingine na tarakimu) 8 au 11, ya tano na ya sita ni IN. Kama kitabuni haipo, aulize tawini kwake.

Namba ikibadilishwa kwa ujumbe, usitume kabla hujampigia ukasikia sauti yake.