Barua kwa mwanangu: Ibilisi huanza na nyuzi

Mwanangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kazi uliyopewa. Umeandika kwamba kundi la maigizo linataka muziki wa tukio moja: mpiga fidla anakutana na Ibilisi usiku, wanapatana bei, roho inauzwa. Una fidla moja, kinanda, ngoma moja nzito na kwaya ya watu kumi na wawili, watatu kwa kila sauti. Ukaniuliza mawili: ni kweli kanisa la zamani lilipiga marufuku "sauti ya shetani", yaani noti mbili zilizoachana kwa toni tatu kamili? Na sauti hiyo inaandikwaje hadi mtazamaji asisimke?

La kwanza halina urefu. Marufuku hiyo haikuwapo. Hakuna sheria ya kanisa inayojulikana, wala mtunzi aliyetengwa kwa ajili ya noti mbili, ingawa habari hiyo inarudiwa kila mahali. Kilichopo ni hiki. Tangu karne ya 11 waimbaji wa Ulaya walijifunza kwa majina ya noti ya mtawa Guido wa Arezzo, ut re mi fa sol la, ngazi ya noti sita iliyoweza kuanzia G, C au F. Mi ya ngazi ya G ni noti B. Fa ya ngazi ya C ni noti F. Kati ya hizo mbili pana toni tatu kamili, umbali mgumu kuulenga kwa koo na mkali masikioni. Walimu wakafundisha uepukwe, mara nyingi kwa kuishusha B nusu toni. Jina la shetani linaonekana kwenye vitabu baadaye sana: Andreas Werckmeister analitaja mwaka 1702, na Johann Joseph Fux mwaka 1725 katika kitabu chake cha kufundishia utunzi, kwamba mi dhidi ya fa ni shetani katika muziki. Ni onyo la mwalimu kwa mwanafunzi.

Tena kwaya yoyote ya kanisani huuimba umbali huo kila Jumapili. Kwa solfa ya leo ni fa na ti. Kordi (noti kadhaa zikilia pamoja) ya so-ti-re-fa, ile inayotangulia kordi ya mwisho ya ubeti, inazo zote mbili, na hakuna anayeshtuka, kwa sababu papo hapo ti inapanda kwenda do na fa inashuka kwenda mi. Hapo ndipo pa kushika, mwanangu. Ukali wa fa na ti peke yake haumtishi mtu. Kinachomtisha ni kuisubiri do isije. Mwaka 1970 bendi ya Black Sabbath ya Birmingham ilifungua wimbo kwa G, G ya juu yake, kisha C-shapu (C iliyopandishwa nusu toni), halafu ikarudia hivyo hivyo polepole bila kuifungua. Noti tatu tu, na mtu anajua amekwisha fika pabaya.

Kabla ya kuandika noti, tazama hadithi zenyewe zinasema Ibilisi anafanya nini. Watungaji wengi hukimbilia sauti wakaacha kitendo. Kule Mississippi, LeDell Johnson alisimulia jinsi ndugu yake Tommy, mpiga bluzi, alivyosema amejifunza gitaa: nenda njia panda kabla ya saa sita usiku, piga wimbo, atakuja mtu mkubwa mweusi, atachukua gitaa, atalityuni, atapiga wimbo mmoja, kisha atakurudishia. Hadithi hiyo baadaye alibandikwa mpiga bluzi mwingine, Robert Johnson, ambaye hakuwa jamaa yao, aliyerekodi nyimbo 29 mwaka 1936 na 1937 akafa mwaka 1938; mwalimu wake halisi anajulikana, Ike Zimmerman. Juu ya njia panda wewe huna haja ya kuelezwa, hata kwetu waganga hupeleka vitu huko. Lakini angalia neno lililo katikati ya masimulizi: atalityuni, yaani atazisawazisha nyuzi zake upya. Kule Hallingdal, Norway, wanasimulia harusi ambayo wanaume wawili walipigana kwa visu. Mtu aliyeteremka ghalani kuchota bia akamkuta mgeni amekaa juu ya pipa anapiga fidla, kwato lake likigonga pipa kama ngoma. Wimbo huo, Fanitullen, hupigwa kwa fidla ya Hardanger, fidla ya kienyeji ya huko, ambayo nyuzi zake hutolewa kwenye A-D-A-E ya kawaida zikawekwa A-E-A-C-shapu. Na Camille Saint-Saëns, mwaka 1874, alipoandika Danse macabre (ambamo mpigaji ni Mauti, si Ibilisi, usizichanganye), aliagiza fidla inayopiga peke yake ishushwe uzi wake wa juu kutoka E hadi E-flati, yaani nusu toni chini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: usimpe Ibilisi wimbo. Mpe fidla. Aichukue mkononi mwa mwanamuziki, azungushe kitu, airudishe. Kuanzia hapo ala ile ile, kwa mkono ule ule, inatoa kitu kingine. Watazamaji wataona bei ikilipwa bila mtu kutamka lolote.

Sasa kazi yenyewe. Fidla ina G, D, A, E. A ni mitetemo 440 kwa sekunde, E ya juu ni takriban 660, uwiano wa mbili kwa tatu, ndiyo maana nyuzi hizo mbili zikipigwa wazi zinatulia. Shusha E hadi E-flati, mitetemo 622 hivi, na uwiano unakuwa 1 kwa 1.41. Nyuzi mbili wazi, hakuna kidole, na umepata toni tatu kamili zenye nguvu yote ya ala. Uzi wazi unalia kwa kirefu kuliko uzi uliobanwa, na mpigaji hawezi kuulainisha kwa kutikisa kidole. Ubaridi unatoka hapo.

Uzi wa E wa fidla nyingi una skrubu ndogo ya kusawazisha kwenye ubao unaoshika nyuzi kwa chini. Itumieni hiyo jukwaani, si kigingi cha juu, kwa sababu kigingi kinaweza kuteleza na uzi ukalegea wote. Kabla ya onyesho mpigaji aikaze skrubu iingie ndani, kisha alete uzi kwenye E kwa kigingi. Hapo skrubu ina nafasi ya kufunguliwa. Katika mazoezi ahesabu mizunguko inayofikisha E-flati, maana kila fidla ina yake, na mwigizaji wa Ibilisi aikariri hesabu hiyo. Ashushe kupita kidogo kisha apandishe hadi mahali pake. Uzi ulioshushwa moja kwa moja hukwama kwenye kijifereji cha juu ya shingo, halafu hujirekebisha katikati ya kupigwa. Penseli laini ikisuguliwa kwenye kijifereji hicho inapunguza kukwama. Angalieni pia skrubu ikiwa imekazwa sana mkono wake wa chini usiguse mbao, utaichubua fidla. Mvutano ukipungua kwenye E, uzi wa A hupanda kidogo sana, kwa hiyo sikilizeni A upya baada ya kushusha. Fidla ikikosa skrubu, tafuteni ya pili iliyoshushwa tangu asubuhi, na Ibilisi aibadilishe chini ya joho.

Kuhusu kuandika: kila noti kwenye uzi ulioshushwa itasikika nusu toni chini ya kidole kinavyozoea. Mwandikie mpigaji mistari miwili, mmoja wa mahali pa kidole na mwingine wa sauti inayotoka. Ukimpa wa sauti peke yake atasahihisha kwa sikio na kuharibu kila kitu.

Kwaya. Weka do kwenye G. Besi waimbe ti, yaani F-shapu iliyo chini ya C ya katikati ya kinanda. Watu wa tena, sauti ya wanaume iliyo juu ya besi, waimbe fa, ndiyo C hiyo ya katikati. Juu yao fidla inashika A na E-flati wazi. Ukizipanga zote, F-shapu, A, C, E-flati, kila moja imeachana na mwenzake kwa nusu toni tatu, na ndani yake mna jozi mbili za toni tatu kamili. Si kordi ya kubahatisha. Ndiyo kordi ambayo Carl Maria von Weber alimfunga nayo Samiel, mwindaji mweusi, katika opera ya Der Freischütz iliyoonyeshwa Berlin tarehe 18 Juni 1821. Humo risasi saba zinatengenezwa usiku bondeni: sita zinapiga atakapo mpigaji, ya saba ni ya Ibilisi.

Nisikilize juu ya Weber, maana sijaona aliyemshinda kwa jambo hili. Samiel haimbi. Katika opera nzima, ambamo wote wanaimba, yeye anasema tu. Chini ya kordi ile Weber akaweka ngoma za timpani na fidla kubwa za besi za kudonolewa, zikigonga nje ya hesabu, pale sikio lisipotegemea. Fanya hivyo. Mwigizaji wako aseme maneno yake juu ya sauti za kwaya zisizo na maneno, midomo imefumbwa, na ngoma nzito ipigwe kwa kijiti kilichofungwa kitambaa, kwa hesabu za polepole, takriban 60 kwa dakika, pigo likianguka baada ya hesabu na si juu yake. Mpiga ngoma atateleza kurudi kwenye hesabu baada ya mizunguko michache. Mwambie ataje namba kimoyomoyo na apige kwenye "na" inayofuata kila namba.

Waimbaji nao wana kuteleza kwao, na ni kwa namna mbili. Watu wa tena watavutwa hadi C-shapu, kwa sababu hiyo na F-shapu ya besi zinatulia. Au besi watapanda hadi do, kwa sababu ti imezoea kupanda. Makosa yote mawili ni ya nusu toni, na yote mawili yanamfukuza Ibilisi jukwaani. Wafundishe mbalimbali. Watu wa tena waanze peke yao, kinanda kikiwashikia C kwa sauti ndogo. Wakishatulia, besi waimbe "do, ti" na kubaki kwenye ti. Wasirukie ti moja kwa moja. Wote wapokezane pumzi, mmoja akivuta wawili waendelee, wasikatike pamoja. Wakiimba kwa nguvu watapotea, sauti iwe ndogo. Na usiishushe jozi hiyo chini zaidi ukidhani itatisha zaidi: chini kabisa noti zinaingiliana, na kinachosikika ni mtetemo wa jenereta.

Mkataba unapotiwa saini, kuna kitu kizuri ambacho noti hizo mbili zinakuruhusu. F-shapu na C kwenye ngazi ya G ni ti na fa, kwa hiyo sikio linategemea besi wapande nusu toni na watu wa tena washuke nusu toni, wakutane kwenye G na B. Lakini kwenye ngazi ya D-flati noti hizo hizo zinabadilishana kazi, C inakuwa ti na F-shapu inakuwa fa. Waambie besi washuke nusu toni na watu wa tena wapande nusu toni. Watafungukia F na D-flati, sehemu ya mbali kabisa na pale msikilizaji alipodhani anapelekwa, na watafika kwa upole, bila ukali wowote. Fidla inyamaze kabisa wakati huo, maana A yake wazi itagongana na kordi mpya. Mwanamuziki amepewa alichoahidiwa, ila si nyumbani kwao.

Mpigaji wako huenda akataka kuonyesha ufundi baada ya hapo, na atakutajia Tartini, mpiga fidla na mtunzi wa Italia. Ile sonata ya G ndogo ni nzuri: Giuseppe Tartini alimsimulia Lalande, mwanafalaki wa Ufaransa, kwamba mwaka 1713 aliota Ibilisi anapiga fidla yake, ingawa wataalamu wengi kwa kusikia mtindo wanaiweka miaka ya 1740, na ilichapwa mwaka 1798 yeye akiwa amekwisha kufa. Ugumu wake ni noti inayotetemeshwa kwenye uzi wa juu bila kukoma huku vidole vingine vikipiga wimbo kwenye uzi wa chini yake. Kila kidole cha chini kinapohama, mtetemo wa juu husita, na kusita huko ndiko kunakosikika. Kama hajaizoea kwa miezi mingi, mkatalie. Na uzi wa E ukiwa E-flati vidole vyake vyote vitadanganyika.

Mwisho wa tukio uamue wewe na mwongozaji. Igor Stravinsky, katika hadithi ya askari aliyempa Ibilisi fidla kwa kubadilishana na kitabu, iliyoonyeshwa Lausanne mwaka 1918 kwa ala saba, aliiacha fidla ikipungua kwenye maandamano ya mwisho mpaka ngoma zikabaki peke yake. Mimi ningekwenda njia hiyo: fidla irudie A na E-flati, kila mara kwa upinde mfupi zaidi, ngoma ikiendelea nje ya hesabu, kisha ngoma tu, hesabu nane, taa zizimwe. Ikiwa hadithi yenu inamwokoa mwanamuziki, basi arudishe uzi mwenyewe mbele ya watu, apige A na E wazi, na kwaya ipewe do yake. Huo uzi ukirudishwa juu utashuka kidogo dakika chache baadaye, kwa hiyo asipewe wimbo mrefu.

Nitumie mistari ya besi na ya watu wa tena ukimaliza kuiandika, niipitie kabla hujaigawa kwa kwaya.

Baba yako