Kabla hujakopa mtaji, fungua stoo

Wiki iliyopita dada mmoja wa Kahama aliniandikia: "Kaka, duka limejaa, wateja wapo, lakini pango la fremu likifika naenda kukopa. Nifanyeje?" Nilicheka peke yangu, kicheko kichungu. Dada yangu, umenieleza mimi kabisa, yule wa miaka mitatu iliyopita.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbagala. Saruji, nondo, mabati, misumari, rangi. Mtaani waliniita bosi na, nikiri tu, niliipenda hiyo "bosi". Lakini usiku nilikuwa silali, nahesabu tarehe za marejesho. Nilikopa kausha damu milioni moja ya kurudisha milioni na laki tatu ndani ya mwezi, kisha nikakopa nyingine kulipa ile ya kwanza. Vijana waliotumwa kunidai walikuwa wanashinda kwenye benchi la wateja, mpaka bei wakazikariri. Mtu akiuliza misumari ya inchi nne kilo bei gani, wanamjibu wao.

Kila niliyemlilia nilimwambia neno moja: mtaji mdogo.

Nikapelekwa kwa mhasibu, dada mdogo kwangu kiumri, mwenye CPA yake, cheti cha uhasibu cha bodi ya NBAA. Akasema 150,000 kwa mwezi. Niliona ananiibia. Nikamwomba apunguze, akatabasamu tu, akasema, "Kaka, nifungulie stoo." Daftari la mauzo nililokuwa nimelibeba kwapani kwa majivuno hata hakulishika.

Tulihesabu Jumapili mbili. Vumbi la saruji, jasho, yeye kajifunga kanga kichwani, anaandika. Kwenye kona ya nyuma tukakuta ndoo 37 za rangi ya zambarau. Nilizinunua kwa mpigo kwa sababu muuzaji wa jumla alinishushia bei. Nani anapaka nyumba zambarau Mbagala? Akaniuliza kila ndoo nilinunua shilingi ngapi, akapiga kikokotoo, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Ilikuwa zaidi ya ule mkopo wa kausha damu. Nilikuwa nakopa hela kwa riba ya kuua huku hela yangu imekaa kwenye kona inashika vumbi.

Saruji ndiyo iliyonimaliza. Nilijisifu kwamba siku nzuri nauza mifuko 40. Nanunua 14,200, nauza 15,000, nikajua nina 800. Akaniuliza guta nani analipa. Mimi, maana nilikuwa nawapelekea wateja bure hadi nyumbani, 500 kwa mfuko. Kijana wa kupakia je? Mia. Imebaki 200. Mara 40 ni shilingi 8,000 kwa siku, na hapo mfuko mmoja ukipasuka umeondoka na faida ya mifuko 71. Chakula changu cha mchana na soda nilikuwa natoa kwenye droo hiyohiyo bila kuandika.

Kisha madeni. Kuna mkandarasi alichukua nondo na mabati ya shilingi 3,700,000 kwa maneno matupu, "nitakumalizia Ijumaa". Hadi leo akipita na gari lake ananipigia honi na kunipungia mkono. Simtaji jina, ila honi hiyo naijua hata nikiwa usingizini.

Upande wa kodi nako nilikuwa gizani. Risiti zangu za EFD, zile za mashine ya kodi, nilizitupia kwenye mfuko wa rambo chini ya kaunta. Tulipozimwaga, nyingi zilikuwa karatasi nyeupe, maandishi yamefutika kwa joto, na sheria inakutaka utunze kumbukumbu miaka mitano. Sasa kila risiti natoa kopi siku hiyohiyo. Mhasibu akanionyesha pia kwamba mauzo yangu yamevuka milioni 100 kwa mwaka, kwa hiyo habari ya kukadiriwa kodi kama mwenye genge imekwisha, ritani yangu, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, inataka hesabu zilizoandaliwa. Na milioni 200, kiwango cha kujisajili VAT, kodi ya ongezeko la thamani, siko nayo mbali.

Kilichoniuma zaidi ni kodi ya zuio. Mpangaji wa fremu ya biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya pango aipeleke TRA. Mimi nilimlipa mwenye nyumba laki nne kamili kwa mwezi, mwaka mzima kwa mkupuo. Ni 480,000 nilizopaswa kukata. Nilipomfuata akasema, "Hayo yako na TRA." Nikalipa mimi.

Basi ndugu zangu mnaoniuliza ushauri, wa kwangu ni huu: hesabu mali. Kabla ya mkopo, hesabu mali. Kabla ya kumlaumu mchawi au shemeji, hesabu mali. Halafu jilipe mshahara unaojulikana, hata laki mbili, na droo uiogope kama droo ya mwajiri. Kukopesha acha. Kama huwezi kuacha, andikishaneni na asaini. Na mtafute mhasibu kabla barua ya TRA haijaja, maana wengi wetu tunamkimbilia siku ya barua, kisha tunamlaumu hana miujiza. Mnatoa laki tano kuchangia harusi ya mtu msiyemjua vizuri, 150,000 ya mhasibu mnasema ghali! Nasema kwa ukali kwa sababu nilikuwa hivyohivyo.

Mhasibu wangu hakunipa hata senti. Alinifungulia akaunti ya pembeni, kila Jumamosi naweka kidogo, na awamu za kodi za Machi, Juni, Septemba na Desemba zinapofika sikimbii dukani. Guta analipa mteja. Wachache walinihama, wengi wamebaki. Kausha damu nilimaliza ndani ya miezi saba, na lile benchi sasa linakaliwa na wateja.

Dada wa Kahama, Jumapili hii funga duka, uhesabu, uniandikie ulichokikuta kwenye kona ya nyuma. Zambarau yangu niliiuza kwa bei ya hasara, nyingi kwa mwenye saluni mmoja. Ndoo mbili zilikosa mtu, nikapaka choo cha nyumbani. Mke wangu mpaka leo anakiita ofisi ya bosi.